Kwanini laptop yako ina viini vingi na sio kimoja cha GHz 20? Mfahamu Profesa Kunle Olukotun (uzi mrefu, kaa na chai)

Fundi Lehemu (mleta uzi)

Wakuu habari za usiku.

Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta, na kila mteja anayekuja kutafuta laptop iliyotumika swali lake la kwanza ni "ina GHz ngapi?" Nikimwambia 2.4 (GHz ni kipimo cha mbio za prosesa) ananuna. Wiki iliyopita mmoja kanibishia mpaka chai ikapoa, anasema desktop ya kazini kwao ya mwaka 2005 ilikuwa na 3.4, sasa iweje mimi nimuuzie kitu cha kurudi nyuma na bei niiweke juu. Nikamwonyesha ina viini vinne, yaani sehemu nne za kufanya kazi ndani ya prosesa moja, akasema hivyo ni vya kupoteza watu maboya.

Siku hiyohiyo nilikuwa na mashine ya enzi hizo mezani, imeletwa itolewe data. Nafungua, hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) kubwa kuliko ngumi yangu, feni imeziba vumbi mpaka imekuwa kama pamba ya mto, pesti imekauka inabanduka kama chaki. Nikaiwasha hivyohivyo kwa ubishi tu nione, hata Windows haijamaliza kufunguka bomba za hitisinki hazishikiki, ikajizima. Nikamwambia yule mteja haya weka kidole hapa. Akaweka akatoa mbio.

Sasa nikasema ngoja nilete humu habari za jamaa mmoja ambaye wengi wanamwita baba wa prosesa ya viini vingi, maana ni Mwafrika mwenzetu na sijaona anatajwa sana humu. Jina lake Oyekunle Olukotun, wanamfupisha Kunle. Mnaijeria mzaliwa wa Uingereza, profesa Stanford kule California tangu 1991.

Nashusha kwa vipande, msinikatishe.

kiti_cha_mbele

Nimefika mapema leo. Shusha mkuu.

Mama Wawili

Mkuu naomba lugha rahisi, sisi wengine kompyuta tunajua kuwasha na kuzima tu.

Fundi Lehemu

Mama Wawili usijali, nitatumia jiko lako hilohilo.

Tuanze na shule. Kunle kasoma University of Michigan, na PhD yake kaipata hapohapo mwaka 1991 chini ya Profesa Trevor Mudge. Huo mradi waliokuwa nao Michigan ulikuwa wa kipekee, walikuwa wanasanifu prosesa ya galiamu asenaidi badala ya silikoni. Hiyo kitu transista zake (swichi ndogo za umeme ndani ya chipu) zina mbio balaa ila kwenye chipu moja zinaingia chache, kwahiyo unalazimika kugawa mashine kwenye chipu nyingi, na hapo ndio unagundua muda unaoliwa na ishara kusafiri kutoka chipu hii kwenda ile unamaliza faida yote ya mbio zako. Kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa) iwe kubwa lakini mbali, au ndogo lakini karibu? Kazi yake ilikuwa kupima hayo mabadilishano. Mimi naona hapo ndipo jicho lake lilipofunguka, kwamba shida ya prosesa mara nyingi sio kufikiri, ni kusafirisha.

Galiamu asenaidi haikushinda kwenye kompyuta, silikoni ikaendelea kutawala. Ila lile somo la umbali alihama nalo kwenda Stanford.

Sasa nini kilikuwa kinaendelea miaka ya 90. Kila kampuni ilikuwa inatengeneza prosesa moja inayozidi kunenepa. Ya kwanza inatekeleza amri moja kwa mpigo, inayofuata mbili, kisha nne, na mipango ya sita na zaidi ikawa mezani. Mama Wawili hapa ndio pako. Chukulia shughuli ya harusi, halafu una mpishi mmoja mwenye mikono sita. Inapendeza, lakini kazi za jikoni zina foleni yake, huwezi kutia mchele maji hayajachemka, huwezi kukaanga kitunguu ambacho hakijamenywa. Kwahiyo yule mpishi kila sekunde lazima aangalie kazi zote zilizo mbele yake, ipi inategemea ipi, ipi inaweza kuanza sasahivi, mkono upi uende wapi. Ukimwongezea mikono mara mbili, kule kuangalia na kulinganisha hakuongezeki mara mbili tu, kunaongezeka karibu mara nne. Mwisho sehemu kubwa ya chipu inakuwa ni ubongo wa kugawa kazi, sio mikono ya kufanya kazi. Na mara nyingi mikono miwili ina kazi, minne imeshika kiuno.

Mwaka 1996 Kunle na wanafunzi wake (Basem Nayfeh, Lance Hammond na wenzao) wakapeleka andiko kwenye ASPLOS, mkutano wa wataalamu wa usanifu wa kompyuta, wakauliza swali rahisi tu: eneo lilelile la silikoni la mpishi wa mikono sita, tukiweka wapishi wanne wa mikono miwiliwili itakuwaje?

Wakapima kwa mwigo wa kompyuta. Kazi isiyogawanyika kabisa, mpishi wa mikono sita alimshinda mmoja wa wale wadogo kwa 30%. Hiyo waliandika wazi hawakuficha. Kazi inayogawanyika vipande vidogovidogo, yule mkubwa aliongoza kwa isiyozidi 10%, tena kwa kujitahidi sana. Kazi inayogawanyika vipande vikubwa, au mashine inayoendesha programu kadhaa kwa pamoja, wale wanne walimwacha kwa kati ya 50% na 100%.

Mimi hizo namba niliporudia kuzisoma nilipenda ile 30% kuliko zote. Mtu anayeuza wazo lake halafu anakuonyesha na mahali linaposhindwa.

Mama Wawili

Nimeelewa kabisa hapo 😂 Na wapishi wanne ukiwapa kukaanga yai moja watatu wanapiga soga.

Fundi Lehemu

Shikilia hapohapo Mama Wawili, yai lako tutalirudia.

Mtu_wa_Seva

Mleta uzi nakusahihisha kidogo. Unatuchanganya na habari ya joto. Andiko la 1996 hoja yake kubwa haikuwa joto, ilikuwa ugumu wa usanifu na nyaya kuwa ndefu, ishara inachelewa kuvuka chipu kubwa. Joto limekuja kugonga mlango baadaye. Pili hiyo ya "baba wa viini vingi" ina mjadala, IBM walitoa POWER4 mwaka 2001, viini viwili kwenye chipu moja, sokoni kabisa. Na DEC, baadaye ikawa Compaq, walikuwa na mradi wa Piranha, viini vinane vyepesi vya Alpha (prosesa yao wenyewe), andiko lake limetoka mwaka 2000. Tuseme ukweli.

Fundi Lehemu

Mkuu uko sahihi kwa yote na nashukuru, nilikuwa nafika huko. POWER4 iliwahi sokoni, haina ubishi. Ila ile ilikuwa ni wapishi wakubwa wawili, kila mmoja na mikono yake mingi. Piranha ndio iliyofanana na wazo la Stanford, bahati mbaya haikufika dukani. Na kulikuwa na kambi nyingine kule University of Washington, Dean Tullsen, Susan Eggers na Henry Levy, wao mwaka 1995 walisema bakini na mpishi mmoja mkubwa lakini mpeni oda za meza kadhaa kwa mpigo, mkono ukikosa kazi kwenye meza hii ufanye ya meza ile. Kambi hizo mbili zilivutana kisawasawa miaka hiyo.

Na kuhusu joto, ndio, lilikuja baadaye, lakini lilipokuja lilimkuta jamaa ameshapanga vyombo. Kwa faida ya wengine: zamani ukipunguza ukubwa wa transista unapunguza na volti, kwahiyo unaongeza mbio bila chipu kuchemka zaidi, kanuni aliyoiandika Robert Dennard wa IBM na wenzake mwaka 1974. Kufika kama 2004 volti ikagoma kushuka, maana ukishusha zaidi transista inavuja umeme hata ikiwa imezimwa. Intel walikuwa na matumaini Pentium 4 itakuja kufika GHz 10. Iliishia 3.8. Mei 2004 wakaifuta prosesa iliyokuwa ifuate, Tejas, Oktoba wakaifuta na Pentium 4 ya GHz 4, mwaka 2005 wakaleta ya viini viwili. Yaani yule mteja wangu anayelilia 3.4 analilia ukuta ambao waliokuwa mbele yake waliugonga kwa kichwa.

Turudi Stanford. Baada ya andiko wakaingia kazini, mradi ukaitwa Hydra. Viini vinne vya MIPS (aina ya prosesa nyepesi), kila kimoja na kashe yake ndogo, vyote vinachangia kashe kubwa moja humohumo ndani ya chipu. Hiyo ndio raha yake: viini vikitaka kupashana habari havitoki nje ya nyumba, lile somo la Michigan.

Sasa yai la Mama Wawili. Programu nyingi zimeandikwa kwa mfuatano, fanya hili kisha lile. Hydra wakajaribu kubahatisha. Mfano una kitanzi cha kuzunguka mara elfu, wewe mpe kiini cha kwanza mzunguko wa 1, cha pili wa 2, cha tatu wa 3, vianze kwa pamoja bila kujua kama wa 3 unahitaji jibu la wa 2. Chipu inakaa mlangoni inaangalia. Ikigundua wa 3 umesoma namba kabla wa 2 haujaibadilisha, kazi yote ya wa 3 inatupwa, unaanza upya. Hakuna kilichoharibika ila muda.

Kaka wa Eldoret

Boss hapo kwa kutupa kazi na kuanza upya, si hiyo inakula stima bure? Halafu mimi ni programa, na miaka yote nimeandika kodi za nyuzi nyingi (kazi kadhaa za programu moja zikienda pamoja) hakuna mtu amewahi nionyesha njia rahisi. Ukisahau kufunga kufuli mahali pamoja namba zinachanganyikana, ukifunga mbili vibaya zinangojana mpaka kesho.

Fundi Lehemu

Kaka inakula ndio, na ndio maana kubahatisha kwa namna ile hakukuja kuwa kitu cha kila mashine. Hilo la makufuli nitalijibu, na wenyewe Stanford walilisikia hilo kilio.

Kwanza mahali wazo lilipogeuka kuwa chuma. Mwaka 2000 Kunle na wenzake akina Les Kohn wakafungua kampuni, Afara Websystems. Afara ni Kiyoruba, maana yake daraja. Wakatafuta ni nani mwenye kazi ambayo tayari imegawanyika yenyewe asihitaji kubahatishiwa. Jibu: seva ya tovuti! Watu elfu wanafungua kurasa, kila mmoja na lake, hakuna anayemsubiri mwenzake. Na kazi ya seva ina tabia moja, hesabu kidogo, kusubiri kwingi. Prosesa inaomba data kwenye kumbukumbu kuu inakaa mizunguko mia na kitu inapiga miayo. Hiyo mbio yote ya GHz inaenda kwenye kusubiri haraka 😅

Kwahiyo wakaamua kila kiini kiwe chepesi, kinatekeleza amri moja moja tu, hatua 6 kutoka kuchukua amri mpaka kumaliza (Pentium 4 ya 2004 ilikuwa na hatua 31), lakini kila kiini kibebe nyuzi 4. Nyuzi za programu jamani, sio huu uzi. Uzi mmoja ukikwama unasubiri kumbukumbu, mzunguko unaofuata kiini kinashika uzi mwingine, hakuna gharama ya kubadilisha. Ukitazama vizuri hapo wamechukua wazo la kambi yao na wazo la wapinzani wao wa Washington wakayafungisha ndoa.

2002 hali ya kampuni za teknolojia Marekani ilikuwa mbaya, Sun Microsystems wakainunua Afara. Novemba 2005 chipu ikatoka, jina la ndani Niagara, jina la dukani UltraSPARC T1. Viini 8, nyuzi 32, transista milioni 279, na ilikuwa inakula kama wati 72. Mashine za seva za wakati ule kufikisha nyuzi 32 ulikuwa unajaza kabati.

Mtu_wa_Seva

Niliwahi kuzigusa hizo. Sehemu moja niliyofanya kazi zamani walinunua, na kwa tovuti ilikuwa haichoki, unaona nyuzi zote 32 zinafanya kazi na chumba hakichemki. Ila kuna jamaa wa mahesabu akaomba nafasi aendeshe vitu vyake vya takwimu. Alipiga kelele siku tatu. Laptop yake ilikuwa inaishinda.

Fundi Lehemu

😂😂 Hilo linajulikana mkuu, T1 ilikuwa na kikokotoo kimoja tu cha desimali, viini vyote 8 vinapanga foleni hapohapo. Wabunifu waliamua hivyo kwa makusudi maana seva za tovuti hazina desimali nyingi. Jamaa yako alipeleka mahesabu ya mkandarasi kwa wauza karanga. T2 ya mwaka 2007 waliweka kikokotoo kwa kila kiini na nyuzi zikafika 64.

Haya Kaka wa Eldoret, makufuli. 2004, kabla hata T1 haijatoka, kundi la Kunle pale Stanford lilitoa andiko la kumbukumbu ya miamala. Hebu fikiria M-Pesa. Ukituma elfu kumi, aidha imetoka kwako na imefika kwake, au haijatoka kabisa. Hakuna nusu. Wao wakasema programa aandike tu "kuanzia hapa mpaka hapa ni muamala mmoja", chipu ijue yenyewe. Nyuzi mbili zikigusa sehemu moja kwa wakati mmoja, mmoja unapita, mwingine unarudishwa mwanzo kama vile haukuwahi kuanza. Hakuna kufuli la kusahau. Ni ile mashine ya kubahatisha ya Hydra imevaa koti jipya, kama ulivyoona.

Kaka wa Eldoret

Eeh hiyo ningeipenda. Sasa mbona mimi bado nafunga makufuli kwa mkono?

Fundi Lehemu

Kwasababu ukiweka kwenye chuma halisi kuna mambo hayarudishiki. Muamala umeshachapisha karatasi au umeshatuma ujumbe, utaurudishaje? Na muamala mrefu unajaza kashe. Kuna watengenezaji waliiweka kwenye prosesa zao lakini haijawa chakula cha kila siku.

Hapa niseme langu. Kunle alishinda ule ubishi wa 1996 mpaka leo hakuna anayebisha, simu ya laki mbili ina viini vinane. Lakini ushindi wake ulihamisha mzigo. Zamani programa alikuwa analala tu, prosesa mpya ikitoka programu yake inakimbia mara mbili bila kugusa mstari. Baada ya viini vingi, mbio zipo lakini uzitafute mwenyewe. Na naona jamaa alijua hilo, maana miaka yote iliyofuata kahangaika na upande wa programa. 2008 wakaanzisha maabara maalumu ya mambo ya usambamba, yaani kazi nyingi kwenda kwa pamoja, wakatengeneza lugha ndogondogo za kazi maalumu, mtu wa takwimu aandike takwimu zake, kompaila (programu inayogeuza kodi kuwa amri za mashine) ihangaike kugawa.

Kisha 2017 kundi lao likatoa andiko la usanifu wa chipu ya Plasticine, ambayo haisomi amri moja baada ya nyingine. Unaipanga kama mafundi kwenye mstari wa kushona, huyu anakata, huyu anaunga, huyu anatia vifungo, nguo inapita mkononi kwa mkono. Data inatiririka. Mwaka huohuo Kunle, Rodrigo Liang aliyekuwa Sun na Oracle kwenye prosesa hizohizo za SPARC, na Profesa Chris Ré wa Stanford wakafungua SambaNova, chipu za akili bandia. SN40L ya 2023 ina transista bilioni 102. Linganisha na zile milioni 279.

Na 2023 hiyohiyo akapewa tuzo ya Eckert-Mauchly, kwa watu wa usanifu wa kompyuta hakuna iliyo juu yake.

dogo_mwaka_wa_tatu

Shikamoo wakubwa. Nasoma uhandisi wa kompyuta, kozi ya usanifu tunafundishwa kwa michoro ubaoni tu, hakuna chipu tunayoshika. Kuna namna ya kuiona hiyo Niagara kwa ndani bila kuwa Stanford?

Mtu_wa_Seva

Marhaba dogo. Ipo, na ni bure. Mwaka 2006 Sun waliumwaga usanifu mzima wa T1 hadharani, unaitwa OpenSPARC, msimbo wa Verilog (lugha ya kuandikia michoro ya chipu) wa chipu iliyouzwa dukani kweli. Watu wa Princeton wakaja kuchukua kiini hichohicho wakajengea mradi wao wa OpenPiton. Usianze na chipu nzima utazimia. Tafuta faili linalochagua uzi upi uende mzunguko unaofuata, lisome hilo wiki nzima, chora kwenye karatasi.

dogo_mwaka_wa_tatu

Asante sana mkuu, nalipakua usiku huu bando la usiku likianza.

Mama Wawili

Fundi na mimi nina swali langu. Nina faili la Excel la kikundi chetu cha kuweka akiba, likipiga hesabu laptop inaganda dakika nzima. Muuzaji aliniambia ina viini vinne. Hao wapishi wako wapi?

Fundi Lehemu

Dada fungua hilo faili, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji, bonyeza kulia kwenye grafu ya prosesa uchague ionyeshe kila kimoja peke yake. Halafu anzisha hesabu uangalie vidirisha.

Mama Wawili

Nimefanya. Vinatokea vidirisha vinane sio vinne.

Fundi Lehemu

Viini vinne, kila kimoja kinabeba nyuzi mbili. Wale wa Washington hao. Enhe vinasemaje?

Mama Wawili

Kimoja kimepanda mpaka juu kimekwama hapo. Vingine vimelala chini, vinajigusagusa tu.

kiti_cha_mbele

Yai hilo 😂😂😂

Fundi Lehemu

Hesabu zako kila mstari unasubiri jibu la mstari wa juu yake, si ndio? Salio la mwezi huu linatoka kwenye salio la mwezi uliopita mpaka mwanzo wa kikundi. Nitumie nakala isiyo na majina ya wanachama, nikukatie kila mwanachama awe na safu yake, tuone hao saba wengine watasingizia nini.